Minyoo wa Farasi na Hesabu ya Dawa

Farasi ni mnyama mwenye nguvu na mbio, naye ni wa ukoo mmoja na punda na punda milia. Katika Afrika ya Mashariki farasi si wengi, maana tangu zamani ugonjwa wa mbung'o na magonjwa mengine yamewazuia wasienee. Lakini katika nchi kama Uingereza, Ireland, Marekani na New Zealand wako wengi sana, nao hulishwa katika malisho mapana yenye nyasi nzuri. Mtu akiwatazama farasi hao, jinsi manyoya yao yanavyong'aa, hawezi kudhani ya kuwa wana adui ndani yao. Walakini karibu kila farasi alaye nyasi za malishoni ana minyoo tumboni mwake. Punda naye ni vivyo hivyo, na wengi wa minyoo wake ni wa jamii zile zile.

Somo hili laeleza jinsi minyoo hao wanavyoishi, jinsi watu walivyopata dawa kali za kuwaua, jinsi dawa zile zilivyoanza kushindwa, na jinsi hesabu iwezavyo kuwaonyesha wafugaji njia ya kuzihifadhi dawa zilizobaki.

Wako minyoo wa namna nyingi katika tumbo la farasi, lakini habari hizi zawahusu hasa namna mbili. Namna ya kwanza ni mnyoo wa damu. Mabuu yake, yaani watoto wake, hutoboa ukuta wa utumbo wakaingia katika mishipa ipelekayo damu matumboni, wakakaa humo miezi mingi. Mshipa hufura, na damu huganda ndani yake. Kipande cha utumbo kikikosa damu hufa. Ndipo farasi hushikwa na msokoto wa tumbo, hutoka jasho, hujigaragaza chini, na mara nyingi hufa. Namna ya pili ni minyoo wadogo. Jamii zao zapata 50, na wengi wao hawafiki urefu wa sentimeta 2. Farasi mmoja aweza kuwa nao maelfu kwa maelfu, wala asionyeshe dalili yo yote.

Safari ya mnyoo mdogo huanza katika mavi ya farasi. Mnyoo jike hutaga mayai ndani ya utumbo, nayo hutoka pamoja na mavi yakaanguka malishoni. Kukiwa na joto na unyevu, yai huanguliwa baada ya siku chache. Buu hula vijidudu vilivyomo katika mavi, hukua, hujivua ngozi mara moja. Lakini mara ya pili ngozi ya zamani haimtoki, bali humfunika mwili mzima kama gunia. Gunia hilo humkinga na ukavu na baridi, lakini pia humziba kinywa asiweze kula tena. Tangu siku hiyo huishi kwa akiba aliyo nayo mwilini. Jua likiwa kali huimaliza akiba upesi akafa. Kukiwa na baridi aweza kukaa miezi mingi, hata chini ya theluji. Mvua ikinyesha, humtoa katika mavi akaenda juu ya nyasi zilizolowa. Hapo humngoja farasi aje kula.

Farasi akisha kummeza, buu huvua gunia lake, huingia katika ukuta wa utumbo mpana, na kulala humo ndani ya kifuko kidogo. Wengine hulala majuma machache tu, wengine miezi, na wengine hata zaidi ya mwaka mmoja. Kisha hutoka, huwa minyoo kamili, nao hutaga mayai. Wakitoka wachache wachache, farasi hana shida. Lakini pengine hutoka maelfu kwa mara moja, na ukuta wa utumbo huwa kama umejaa vidonda. Farasi huharisha sana, hukonda kwa siku chache, na hata wakitibiwa, nusu ya farasi walioshikwa hivyo waweza kufa.

Sasa pima wingi wa mayai. Farasi mkubwa hutoa mavi kilo 15 au zaidi kwa siku, yaani gramu 15,000. Ikiwa kila gramu ina mayai 500, basi farasi huyo peke yake huangusha mayai 7,500,000 malishoni kwa siku moja. Ndiyo sababu haiwezekani kuwamaliza minyoo wote duniani, wala hakuna mtaalamu atumainiye kufanya hivyo. Linalotakiwa ni kuwapunguza hata wasiweze kumdhuru farasi.

Kwa muda mrefu dawa za minyoo zilikuwa dhaifu, na nyingine zilikuwa hatari kwa farasi mwenyewe. Katika mwaka 1961 ikatolewa dawa mpya iitwayo thiabendazole, nayo ilikuwa salama na yenye nguvu kuliko za kwanza. Miaka mitano baadaye, yaani mwaka 1966, wataalamu wawili wa Kentucky katika Marekani, Drudge na Lyons, walitoa shauri jipya. Walisema ya kwamba farasi wote wa shamba wapewe dawa kila baada ya majuma 6 hadi 8, bila kungoja dalili za ugonjwa. Adui aliyeogopwa siku zile ni mnyoo wa damu. Mnyoo huyo huchukua miezi 6 au zaidi tangu kumezwa mpaka kutaga mayai; basi mayai yake yakikatwa mara kwa mara, malisho hubaki bila watoto wake.

Shauri lile lilifaulu sana. Katika mashamba mengi mnyoo wa damu alikuwa haonekani tena, na farasi waliokufa kwa msokoto wa tumbo wakapungua. Wafugaji wa nchi nyingi wakaifuata desturi hiyo. Lakini minyoo wadogo hawakumalizika. Tena, katika miaka ile ile ya 1960, ilianza kuonekana ya kwamba wako minyoo wadogo ambao dawa ile mpya haikuwaua.

Baadaye dawa nyingine zilipatikana, na iliyo kuu ni ivermectin. Asili yake ni kiumbe kidogo sana kilichotolewa katika udongo wa Japani na mtaalamu Satoshi Ōmura. Naye William Campbell, aliyefanya kazi Marekani, akaonyesha jinsi dawa yake iwezavyo kuua minyoo wa wanyama. Ivermectin ilianza kuuzwa mwaka 1981, nayo huua hata mabuu ya mnyoo wa damu yaliyomo mishipani. Dawa hiyo hiyo ilionekana kuwafaa watu wenye ugonjwa wa upofu wa mtoni, na tangu mwaka 1987 imetolewa bure kwa ajili yao. Watu wengi wa Tanzania na Uganda wameimeza. Katika mwaka 2015 Ōmura na Campbell walipewa tuzo ya Nobel. Walakini tangu ivermectin ilipotolewa haijapatikana aina nyingine mpya ya dawa kwa minyoo hao wa farasi. Aina zilizopo ni tatu tu. Ya kwanza imeshindwa na minyoo wadogo karibu duniani kote, ya pili imeshindwa mahali pengi, na ya tatu ni hiyo ya ivermectin na ndugu zake.

Hata hiyo ya tatu imeanza kudhoofika. Ilipokuwa mpya, farasi aliyepewa alikaa majuma 8 au zaidi kabla mayai hayajaonekana tena katika mavi yake. Siku hizi katika mashamba mengi mayai hurudi baada ya majuma 5 hivi. Na katika mwaka 2020 wataalamu waliandika habari ya farasi wachanga walioletwa Marekani kutoka Ireland, ambao minyoo wao wadogo hawakufa kwa dawa hiyo kama ilivyopasa. Basi minyoo hushinda dawa kwa njia gani?

Mkulima ashikaye jembe kila siku hufanya sugu mkononi, yaani ngozi yake huwa ngumu kwa kazi. Watu wengi hudhani ya kuwa mnyoo naye hufanya sugu kwa kuonja dawa mara kwa mara. Sivyo. Minyoo hawalingani tangu kuzaliwa, kama vile watoto wa mama mmoja wasivyolingana kwa sura na kimo. Katika maelfu ya minyoo huzaliwa mmoja ambaye dawa haimwui. Dawa haikumfanya kuwa sugu. Alikuwa hivyo hata kabla ya dawa kuletwa. Kazi ya dawa ni kuwaondoa wenzake wote na kumwachia nafasi. Kisha yeye huzaa, na watoto wake huirithi hali yake.

Jambo hilo laweza kuonekana wazi kwa hesabu. Fikiri shamba moja lenye farasi 10, ambao wote pamoja hutoa mayai 1,000,000 kwa siku. Hesabu hiyo ni ndogo kuliko ile ya kweli, lakini yafaa kwa mfano. Fikiri tena ya kwamba katika kila mayai 1,000, yai 1 ni la mnyoo sugu. Basi mayai sugu ni 1,000. Sasa ujue ya kuwa farasi wakubwa hawalingani kwa mayai. Katika kundi, wachache tu, kama wawili katika kumi, hutoa sehemu kubwa ya mayai, pengine manane katika kila kumi; miili ya wengine huwazuia minyoo vizuri zaidi. Basi farasi 2 wa shamba hili hutoa mayai 800,000, na wale 8 waliobaki hutoa 200,000.

Mfugaji wa kwanza huwapa dawa farasi wote 10. Mayai 999,000 hutoweka, na 1,000 hubaki. Mfugaji hufurahi, maana malisho yake yamekuwa safi. Lakini mayai yote 1,000 yanayoanguka sasa ni sugu. Katika mayai mapya hakuna hata moja la mnyoo ambaye dawa yaweza kumwua.

Mfugaji wa pili huwapa dawa wale farasi 2 tu wenye mayai mengi. Mayai yao 800,000 hupungua yakawa 800, nayo ni sugu yote. Wale farasi 8 huendelea kutoa mayai 200,000, ambayo 200 ni sugu. Jumla ni mayai 200,800, na katika hayo mayai sugu ni 1,000. Yaani kama yai 1 katika kila mayai 200. Mayai yaangukayo malishoni yamepungua karibu mara tano, na minyoo sugu wamepotea katikati ya wengi wasio sugu. Huzaana nao, na dawa bado ina nguvu.

Minyoo wasioguswa na dawa, wataalamu huwaita minyoo wa kimbilio. Hao ni wale waliomo katika farasi wasiotibiwa, na mabuu yaliyo juu ya nyasi siku dawa inapotolewa. Neno hili huwashangaza watu walisikiapo mara ya kwanza, kwamba mfugaji huwaacha makusudi baadhi ya adui zake wawe hai. Lakini adui hao ndio wanaoweza kufa kwa dawa kesho.

Hesabu ya farasi 10 kwa siku moja, mwanafunzi aweza kuifanya kwa kalamu. Lakini mambo ya shamba hayaishi kwa siku moja. Minyoo hulala na kuamka, mvua hunyesha na kukoma, mabuu hufa kwa jua, farasi huzeeka na wengine huzaliwa. Tena mnyoo sugu huchukua miaka mingi kuenea. Mtu akitaka kujaribu mashauri kumi katika mashamba kumi, atangoja miaka 20 au zaidi, na mwisho wa kungoja labda atakuwa ameiharibu dawa aliyotaka kuiokoa. Kwa hiyo wataalamu wa New Zealand wakishirikiana na wa Kentucky walitengeneza malisho ya hesabu ndani ya kompyuta. Hakuna nyasi wala farasi, ila namba tu. Kila siku ya hesabu mashine hujumlisha mayai mapya, huyaangua kwa kadiri ya joto la siku ile, huwaondoa mabuu waliokufa, huwahesabu waliomezwa, waliolala na waliokomaa, na katika kila kundi hupima wangapi ni sugu. Hivyo miaka 40 hupita kwa muda mfupi. Kisha hurudia tangu mwanzo kwa shauri jingine, na kulinganisha.

Hesabu hizo zimeonyesha mambo ambayo mfugaji hangeweza kuyaona kwa macho. Kwanza, kadiri dawa itolewavyo mara nyingi, na kadiri farasi wasiotibiwa walivyo wachache, ndivyo minyoo sugu waeneavyo upesi. Pili, siku ya kutoa dawa ina maana kubwa. Dawa ikitolewa wakati jua kali limekwisha kuwaua mabuu malishoni, kimbilio ni dogo, na sugu hufaidika. Tatu, hali ya hewa ya nchi hubadili majibu. Shauri lifaalo mahali penye theluji laweza kudhuru mahali penye joto. Basi kalenda moja ya dawa haiwezi kufaa dunia nzima.

Walakini hesabu si unabii. Majibu yake ni mazuri kwa kadiri ya namba zilizotiwa ndani yake, na lazima yalinganishwe na mambo yaliyoonekana mashambani. Mfano wa kufikiri ni habari ya Denmark. Tangu mwaka 1999 sheria ya nchi hiyo imekataza kuwapa wanyama dawa ya minyoo kwa desturi tu. Sharti mganga wa wanyama aone kwanza ya kuwa inahitajiwa. Dawa ikatumiwa kidogo kuliko kwanza. Lakini baadaye wataalamu walipochunguza, waliona ya kwamba katika mashamba yaliyowatibu farasi wachache tu, mnyoo wa damu, yule adui wa zamani, alikuwa akionekana zaidi. Kutoa dawa kupita kiasi huleta minyoo sugu; kutoa pungufu humrudisha mnyoo wa damu. Njia salama i katikati, nayo haionekani bila kupima.

Kupima kwenyewe si kazi ngumu. Katika mwaka 1939 wataalamu wawili wa Sydney katika Australia, Gordon na Whitlock, walieleza njia itumikayo hata leo. Mavi yaliyopimwa kwa mizani huchanganywa na maji ya chumvi nyingi. Mayai ni mepesi kuliko maji hayo, basi huelea juu. Kisha tone hutiwa katika kioo chenye mistari, na mtu huhesabu mayai kwa darubini ya kutazamia vitu vidogo sana. Akitaka kujua kama dawa ina nguvu, huhesabu siku ya kuitoa na tena baada ya siku 14. Mayai yakiwa 1,000 kwanza, kisha 10, dawa imefanya kazi vema. Yakiwa 1,000 kwanza, kisha 300, dawa imeshindwa, wala haifai kuendelea kuinunua.

Mfugaji mwenye busara siku hizi hufanya hivi. Hupima mavi ya kila farasi mkubwa. Wote huwapa dawa mara moja au mbili kwa mwaka kwa ajili ya mnyoo wa damu, na zaidi ya hapo huwatibu wale tu wenye mayai mengi. Farasi wachanga huwaangalia mbali, maana miili yao haijajifunza kuwazuia minyoo. Hukadiri uzito wa farasi kabla ya kumpa dawa, kwa kuwa dawa pungufu huwaacha hai hata minyoo ambao wangekufa. Farasi mgeni humtenga na kumpima kabla hajaingia malishoni na wenzake. Tena huzoa mavi malishoni mara mbili kwa juma. Kazi hiyo yahitaji koleo na toroli tu, wala hakuna mnyoo awezaye kuwa sugu kwa koleo.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini dawa iliyoshindwa si kama ukuta ulioanguka, ambao mtu aweza kuujenga upya mwaka ujao. Kuna mashamba yaliyoacha kutumia aina ya kwanza ya dawa kwa miaka 20 na zaidi, na minyoo wao wangali sugu. Kwa hiyo dawa iliyobaki ni akiba ya farasi wa leo na ya farasi ambao hawajazaliwa, nayo hutunzwa na yule akubaliye kuhesabu kabla ya kutibu.

Maswali

1. Kwa nini buu la mnyoo mdogo haliwezi kula likiwa juu ya nyasi? Huishi kwa nini?
2. Kuna tofauti gani kati ya sugu ya mkono wa mkulima na usugu wa mnyoo?
3. Farasi alikuwa na mayai 800 katika gramu moja ya mavi. Siku 14 baada ya dawa alikuwa na 200. Katika kila mayai 100, mangapi yametoweka? Je, dawa ina nguvu?
4. Eleza kwa nini mfugaji wa pili, aliyewaacha farasi 8 bila dawa, alitenda vema kuliko wa kwanza. Habari ya Denmark yamwonya juu ya jambo gani?